Siku Mbili Unguja: Kwanza Uliza Maji

Katika mazungumzo yangu ya redioni wiki hii, ambayo gazeti hili huyachapa kama ilivyo ada, nimeona nijibu swali ambalo wasikilizaji wamekuwa wakiniletea kwa barua na kwa simu tangu sikukuu zilipokaribia. Swali lenyewe ni hili: mtu anakaa Dar es Salaam, au amefika Dar es Salaam kutoka bara kwa shughuli zake, ana siku mbili za mapumziko na fedha za wastani, na anataka kwenda kuuona mji wa Unguja. Aanzie wapi, aone nini, na aache nini?

Swali linaonekana jepesi, lakini si jepesi. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Malindi, Unguja, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa boti ziendazo kasi. Hata hivyo wapo watu waliozeekea Kariakoo na Magomeni ambao hawajauvuka mkondo ule hata mara moja. Na wapo waliouvuka wakarudi wamenuna. Ukiwauliza, watakuambia, "Ah, pale kuna nini? Vichochoro na joto tu." Wamelipa nauli, wamelipa gesti, wamewachosha watoto, na walichorudi nacho ni mifuko ya karafuu na malalamiko.

Mimi sikubaliani nao. Kosa haliko kwenye mji, liko kwenye ratiba. Wengi wetu hupanga safari ya Unguja kama mtu anayekwenda sokoni na karatasi ya manunuzi: Forodhani, Darajani, kobe, viungo, Jozani, Nungwi, mara Paje, mara nyumba ya Freddie Mercury. Jamaa yangu mmoja alinionyesha karatasi ya namna hiyo ikiwa na sehemu 14 kwa siku mbili. Nikamuuliza swali moja tu: siku utakayofika, maji yanajaa saa ngapi? Akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Mji uliojengwa ubavuni mwa bahari hauendeshwi na karatasi ya mgeni. Unguja ina saa zake tatu zinazoamua nini kinawezekana na wakati gani: maji, jua na adhana. Anayezijua saa hizo tatu ataona mengi kwa fedha kidogo. Asiyezijua ataukuta kila mlango umefungwa na kila ufukwe umefunikwa.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko yote.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku mzunguko huo huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hapo ndipo wavuvi husema ni bamvua. Siku hizo tofauti kati ya maji makuu na maji yaliyokupwa pale Unguja hufikia meta 4 hivi, yaani zaidi ya kimo cha dari ya nyumba ya kawaida. Juma moja baada ya hapo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu: bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa msomaji sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye faida. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hukupwa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Ndivyo ilivyo mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo yeyote mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana nusu ya jedwali la maji bila kujua. Tarehe mosi au tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, tarajia maji makavu kabla ya saa sita mchana. Tarehe 4 au 18, kupwa kumesogea hadi kama saa saba. Tarehe 8 au 22 mambo yamegeuka kabisa: maji yamejaa saa nne au tano asubuhi na kupwa ni saa kumi au kumi na moja jioni. Hesabu hii ni ya kukisia, si ya kuendeshea meli. Majedwali kamili huchapishwa kila mwaka na siku hizi yanapatikana hata kwenye simu ya mkononi, na nahodha yeyote pale Forodhani anayo kichwani. Lakini inatosha kwa mtu aliyeko Dar es Salaam akichagua aende Jumamosi ipi.

Yanamsaidia nini mtalii? Chukua mfano wa fungu la mchanga liitwalo Nakupenda, mbele ya mji. Picha zake zimejaa kila mahali: mchanga mweupe katikati ya bahari ya kijani, watu wanakula samaki wa kuchoma chini ya turubai. Fungu lile si kisiwa. Maji yakipwa linatoka, maji yakijaa linamezwa. Naijua familia moja iliyokodi mashua alasiri ya bamvua. Walipofika wakakuta maji ya kiuno, na mtoto wao mdogo akaanza kulia kuuliza mchanga uko wapi. Fedha haikurudi. Nahodha aliwaambia kwamba yeye kawapeleka mahali walipotaka, na kwa kweli alikuwa kawapeleka. Watu hao wangekwenda saa nne asubuhi ya siku ile ile wangekaa pale hadi karibu na adhuhuri.

Kisiwa cha Changuu, ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Magereza, hakimezwi na maji. Ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mashua. Huko wapo kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, walioletwa kama zawadi mwaka 1919. Gereza lenyewe lilijengwa mwaka 1893 chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, lakini halikupata kufunga wafungwa. Kisiwa kikawa karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba sehemu hiyo imepata jina la kazi ambayo haikuifanya. Basi kama siku yako ni ya kupwa asubuhi, unganisha Nakupenda na Changuu katika safari moja, toka saa tatu, rudi saa saba. Kama kupwa ni jioni, asubuhi yote iwe ya mji, na bahari ingoje. Na kama kupwa kunaangukia saa saba au saa nane mchana, mimi ningeiacha Nakupenda kabisa, kwani jua la saa hiyo katikati ya maji, pasipo na mti, si la kupeleka watoto.

Hapo hapo niseme juu ya usalama. Bahari ya Unguja imetuliza watu wengi. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa na mamia ya watu. Julai 2012 MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe. Sisemi hivyo kutisha watu. Boti nyingi huvuka kila siku kwa salama. Lakini pepo za kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti, na siku hizo mkondo huchafuka. Ikitangazwa kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, shukuru, usigombane na mkata tiketi. Ukiona chombo kimejaza kupita kiasi, usipande, hata kama umekwisha kulipa. Na katika mashua ndogo za kwenda visiwani, dai jaketi la kujiokolea kabla hamjasukuma, na liwe la kukutosha wewe na la mtoto limtoshe mtoto. Nahodha anayekasirika kwa ombi hilo si nahodha wa kusafiri naye.

Wenye kutapika wakae katikati ya boti, chini, upande wa nyuma, na wale kitu kikavu kabla ya safari. Tangawizi husaidia wengine. Mengine ni ya kuvumilia.

Kuhusu tiketi sitasema mengi. Nunua dirishani kwa kampuni yenyewe, si kwa mtu anayekukimbilia barabarani. Mwananchi hulipa kwa shilingi na nauli yake ni pungufu ya ile ya mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Hali kadhalika viingilio vya majumba ya kumbukumbu: mwenyeji analipa kidogo akithibitisha kuwa ni mwenyeji. Nimeona watu wazima wakilipa bei ya Mzungu kwa kuwa wameacha kitambulisho nyumbani.

Panda boti ya kwanza ya asubuhi, na mnapokaribia Unguja kaa upande wa kulia au simama huko nje kama inaruhusiwa. Hapo ndipo safari inapoanza kulipa. Mji utajitokeza mbele yako kwa mpangilio wake: kwanza Shangani, nyuma yake minara ya kanisa la Katoliki ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, kisha miti ya Forodhani, kuta nzito za Ngome Kongwe, uwanja wa Beit el Ajaib, jumba jeupe la Beit al-Sahel, na mwisho, karibu na bandari, roshani za mbao zilizochongwa za Zahanati ya Zamani, iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi Tharia Topan. Masultani walijenga majumba yao yatazame bahari kwa makusudi. Mgeni aliyefika kwa jahazi alitakiwa aone nguvu ya mwenye nchi kabla hajatia nanga.

Bahari hiyo hiyo ndiyo iliyowaletea maangamizi. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza zilizokuwa zimepanga mstari mbele ya mji zilianza kulipiga mizinga jumba la Sultani, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekikalia kiti bila idhini yao. Vita vilikwisha katika muda wa dakika 40 hivi. Huwezi kuelewa kwa nini vilikwisha upesi namna ile mpaka uwe umesimama sitahani ukaona jinsi majumba yalivyo wazi, hayana hata kilima cha kujifichia.

Saa ya pili ni jua. Watu wa Dar es Salaam tumezoea jua likichomoza baharini. Kule mbele ya Mji Mkongwe mambo ni kinyume: uso wa mji unatazama magharibi, na jua huzama majini, kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro jioni kwa mwaka mzima. Maana yake ni kwamba asubuhi nyumba za mbele ya bahari zimo kivulini, na alasiri ndipo zinapong'aa. Wenye kupiga picha na waingojee alasiri.

Mchana wa jua kali, kuanzia saa sita hadi saa tisa, ndipo wageni wengi huketi hotelini wakisema joto limewashinda. Mimi nasema huo ndio wakati wa vichochoro. Vichochoro vile havikuwa vyembamba kwa kukosa nafasi peke yake. Wembamba wake ndio kivuli chake, na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia joto lisipenye upesi. Toka Sokomuhogo nenda Kiponda, pinda Hurumzi, tokea Malindi. Utapotea, na si neno: mji wenyewe ni mdogo, ukienda mbele kwa dakika chache utatokea ama baharini ama barabara kuu ya Darajani.

Tazama milango. Iliyo na kizingiti cha juu kilichonyooka na maandishi ya Kiarabu ni ya mtindo wa Kiarabu. Ile yenye tao la mviringo juu yake inafuata mafundi wa Kihindi. Ukipata mwenyeji mwema akakukaribisha ndani ya nyumba ya zamani, angalia juu. Dari imeshikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haizidi urefu fulani, chumba nacho hakikuweza kuwa kipana. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kama mabehewa. Msitu wa mikoko ndio uliopima upana wa nyumba za matajiri.

Darajani penyewe jina lake lina habari. Palikuwa na daraja. Upande wa mashariki wa mji palipita mkono wa bahari, kiasi kwamba Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa, na ng'ambo ya maji hayo waliishi watu wa hali ya chini, wengi wao watumwa na waliokuwa watumwa. Maji yalifukiwa katika karne iliyopita, barabara ikapita juu yake, lakini mtaa bado unaitwa Ng'ambo. Ukivuka barabara ile leo kwenda sokoni, ambako jengo lake la zamani ni la mwaka 1904, unavuka bahari iliyozikwa.

Kama una nafasi ya sehemu moja tu ya kuingia kwa kiingilio, ninashauri iwe Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alilifunga kwa mkataba wa Juni 1873 baada ya kubanwa na Waingereza. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka huo huo, na ulisimamiwa na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Huyu ndiye aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, na amezikwa nyuma ya altare. Husimuliwa kwamba nguzo fulani ndani ya kanisa zilisimamishwa kichwa chini miguu juu wakati askofu hayupo, naye akaziacha. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watumwa watano waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs ya miaka ya 1990. Ni vigumu kusimama pale ukaendelea na mzaha.

Watembezaji watakuteremsha pia katika vyumba vya chini, vyenye giza, na kukuambia kwamba watumwa walirundikwa humo wakingoja mnada. Wapo wanahistoria wanaolitilia shaka hilo, wakisema jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Shaka hiyo haipunguzi ukweli wa soko lenyewe, ambao una ushahidi wa kutosha. Lakini ni vizuri mgeni ajue tofauti kati ya kinachosimuliwa na kilichothibitishwa. Muulize mtembezaji wako. Aliye mzuri hatachukia swali. Na hapa nawaambia wazazi: wapelekeni watoto. Wale waliouzwa pale wengi walitembezwa kwa miguu kutoka Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na sehemu nyingine za bara, ndiko kwetu wengi wetu.

Sasa Beit el Ajaib. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe, na ikawa nyumba ya kwanza Unguja kupata umeme na lifti, ndiyo sababu watu wakaiita nyumba ya maajabu. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa ya mbele iliporomoka na mafundi wawili wakapoteza maisha. Nyumba iliyokuwa katika kila kitabu cha shule iligeuka kifusi mchana wa Krismasi. Nawafahamu watu waliokuwa wamepanga kwenda kuiona "mwakani" kwa miaka 20.

Mji huu uliandikwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000, na una mamlaka yake ya hifadhi. Hata hivyo chokaa hunywa maji. Kila masika paa lisilozibwa hupitisha mvua ukutani, boriti huoza, na ukuta huachana na mwenzake polepole bila mtu kuona. Nyumba nyingi zina wapangaji wengi na hazina mwenye fedha ya kuzitengeneza. Zilizopata mwenye fedha nyingi zimegeuzwa hoteli, na waliozikalia wamehamia nje ya mji. Kwa hiyo unapopita uchochoroni ukaona kamba ya nguo na mtoto anafanya hesabu za shule barazani, ujue unachokitazama si mapambo. Ni wenyeji waliobaki. Salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kama ni mzee, shikamoo haimpunguzii mtu kitu. Kabla hujaiweka Beit el Ajaib au Beit al-Sahel katika ratiba, uliza kama zinapokea wageni, maana kazi ya ukarabati hufunga na kufungua milango.

Saa ya tatu ni adhana. Mji ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa kabisa, na siku hugawanyika kwa sala. Ijumaa, kuanzia karibu saa sita hadi saa nane, usitarajie duka wala ofisi. Panga chakula au mapumziko. Hata siku nyingine maduka mengi hufungwa alasiri kidogo kisha hufunguliwa jioni, wakati mji unapopoa. Katika mwezi wa Ramadhani mchana huwa kimya, migahawa mingi imefungwa, na kula hadharani ni kuwavunjia heshima wenyeji na pengine kujitafutia matatizo na polisi. Lakini baada ya magharibi ya Ramadhani mji huo huo huamka kwa namna usiyoweza kuikuta mwezi mwingine, na kwa anayejua kuvumilia mchana, mimi nauona kuwa wakati mzuri wa kwenda. Mavazi yawe ya heshima mitaani. Ya kuogelea yabaki ufukweni.

Februari huwa na tamasha la muziki la Sauti za Busara. Hapo vyumba hujaa na bei hupanda. Mwenye fedha za wastani aende wiki nyingine, isipokuwa kama muziki ndio unaompeleka. Machi hadi Mei ni masika: vyumba ni rahisi, lakini mvua inaweza kukufungia ndani siku nzima. Ikikukuta mjini, utagundua kazi mojawapo ya baraza za mawe mbele ya nyumba: watu hupita juu yake uchochoro ukiwa mto.

Jioni, kila mtu atakuambia nenda Forodhani, na hapo sina ubishi. Bustani ile ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009, na magharibi ikiingia wauzaji huwasha taa na majiko. Uliza bei kabla hujaonyesha kidole, maana sahani ya pweza na mishkaki isiyoulizwa bei huwa na bei yake. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi haina hasara. Urojo, ukitaka ule wenyewe, muulize mwenyeji ni mama gani wa mtaani anayesifiwa. Mara nyingi si yule wa bustanini. Na kama umepanga vizuri ukaja jioni ya bamvua, utawaona vijana wakirukia baharini kutoka ukutani, wakipinduka hewani mmoja baada ya mwingine, huku jua linazama nyuma yao. Njoo jioni ya maji mafu au maji yaliyokupwa, na utakuta mawe na tope, na vijana wamekaa wanangoja kama wewe.

Kuna watu watakaokuandama kuanzia langoni mwa bandari, wakitaka kukubebea begi, kukutafutia hoteli, kukuonyesha mji. Wazanzibari wenyewe huwaita papasi, na anayewajua wadudu hao haulizi kwa nini. Kataa kwa upole, mara moja, uendelee kutembea. Ukimhitaji mtembezaji, chukua mwenye kitambulisho cha kazi hiyo, na mkubaliane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza.

Mtaniuliza: na Nungwi? Na Paje? Na kima punju wa Jozani, na mashamba ya viungo? Vyote ni vizuri. Lakini kwenda Nungwi na kurudi kunakula nusu ya siku, na pwani ya mashariki maji yakipwa hurudi nyuma mpaka huoni bahari ya kuogelea, bali kinamama walioinama kwenye mashamba ya mwani. Kwa siku mbili, ningechagua mji na kisiwa kimoja, basi. Ukiwa na siku ya tatu, ongeza shamba.

Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unapokata ya kwenda, kwa sababu boti za Jumapili alasiri hujaa wafanyakazi na wanafunzi wanaowahi Jumatatu. Fika Malindi saa nzima kabla, ukiwa na kitambulisho mkononi na sweta jepesi kwa ajili ya upepo. Safari hii kaa upande wa kushoto. Jua la alasiri litakuwa limeupiga uso wa mji, na kama ni bamvua maji yatakuwa yamepanda hadi ukutani.